Je, Kompyuta ya Gemu ni Israfu?



Ndugu msomaji, kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Suala ninalolileta katika toleo hili halikutoka darasani. Lilitoka kwenye ujumbe wa simu wenye maneno sita: "Kaka, nataka kuunda kompyuta ya gemu." Mtumaji ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kijana wa miaka ishirini na mmoja anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi. Mkononi alikuwa na kwacha 900,000. Laki sita alizitafuta mwenyewe kwa kuhariri video za harusi kwenye kompyuta ya kuazima na kuchaji simu za watu kwa malipo. Laki tatu alitumiwa na kaka yetu mkubwa aliyehamishiwa Marekani.

Nilimjibu kwa neno moja: "Israfu." Nikaweka simu chini, nikaenda kuswali nikiwa na amani kabisa moyoni. Ninaandika makala haya kwa sababu amani ile haikudumu, na kwa sababu naona wengi wetu tunaosoma dini tumezoea kulitamka neno hilo kabla ya kulipima.

Dzaleka na Biwi

Kwa asiyeijua, Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndiyo lugha ya soko lake. Sisi asili yetu ni Buyenzi, Bujumbura. Mimi nilibahatika kusoma nje. Mama mdogo na watoto wake wakabaki Malawi.

Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini. Kwa miaka mingi waliokuwa na biashara mijini waliachwa waendelee nazo, hadi Machi 2023 Serikali ilipotoa agizo kwamba warejee Dzaleka, na Mei mwaka huo msako ukaanza Lilongwe. Mama mdogo alikuwa akiuza vitenge mjini. Alirudi kambini na mabegi mawili. Novemba mwaka huohuo kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44. Dola moja ikatoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700 kwa siku moja. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuweka akiba ya kompyuta. Bei ikamkimbia akiwa ameishika akiba yake mkononi, akaanza upya.

Haya yote nilikuwa nayajua nilipomwandikia lile neno. Ndiyo maana nililiandika: nilijiambia kwamba kijana anayeishi chini ya bati linalovuja, kwenye kambi ambayo mgao wake wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja, hana haki ya kuwaza gemu.

Likizo ilipofika nikapanda basi, nikapita Mbeya na mpaka wa Songwe, Karonga na Mzuzu, hadi Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwa mama mkubwa ambaye ameolewa na Mmalawi, Myao wa Mangochi. Usiku wa kwanza nikamsimulia jinsi nilivyomrekebisha mdogo wangu. Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Na hiyo simu yako uliinunua shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Kwa hesabu ya haraka ilikuwa karibu sawa na bajeti nzima ya mdogo wangu.

"Na humo ndani hamna gemu?"

Ndugu msomaji, zimo. Ipo ya mpira ambayo tunashindana bwenini, na zaidi ya mara moja imenikalisha macho hadi saa nane za usiku, Alfajiri ikanipita. Sikupata cha kujibu. Mama mkubwa akaendelea na mchele wake, nami nikaona kwamba neno "israfu" nilikuwa nimelitumia kupima umaskini wa mtu. Matumizi yake sikuyapima kabisa.

Israfu hupimwa kwa nini?

Nikarudi kwenye niliyosoma. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, kisha tukakatazwa kupindukia. Katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, tumeamrishwa kwanza kuwapa jamaa, maskini na msafiri haki zao, kisha ndipo tukakatazwa ubadhirifu. Na katika Suratul Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kwamba hutoa bila kupindukia na bila ubahili, wakasimama katikati.

Tazama mpangilio wa aya zile za Suratul Israa. Haki za watu zimetangulia, ubadhirifu umefuata. Ndiyo maana Ibn Mas'ud na Ibn Abbas (R.A.) waliufasiri ubadhirifu kuwa ni kutoa mali pasipo haki, na Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, akapokewa akisema kwa maana kwamba mtu akitoa mali yake yote katika haki si mbadhirifu, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki huyo ni mbadhirifu. Kwa kipimo hiki, bei peke yake haitoshi kutoa hukumu, wala jina la kitu halitoshi.

Imam al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alitufundisha kwamba maslahi ya watu yana ngazi tatu: ya dharura, ya haja, na ya kupamba maisha. Wengi wetu tumeikariri ngazi hiyo kwa ajili ya mtihani. Lakini kuna kosa tunalolifanya tukiitumia kwa watu maskini: tunadhani maskini anaruhusiwa ngazi ya kwanza tu. Akila, akavaa, akalala, tunaona imetosha. Akitaka cha ngazi ya pili tunamuuliza maswali, na akitaka cha tatu tunamwita mbadhirifu. Sheria haikusema hivyo. Iliyoyasema hayo ni desturi ya mtoaji msaada, tukaivisha kanzu tukadhani ni fiqhi. Kilicho halali kwa tajiri ni halali kwa mkimbizi. Wote wawili wataulizwa mali waliichuma wapi na waliitoa katika nini.

Basi nikamwandikia mdogo wangu: "Nisamehe kwa lile neno. Njoo Biwi, tutazame pamoja." Akaomba ruhusa ya kutoka kambini, akafika asubuhi kwa minibasi akiwa na daftari la mraba lenye orodha ya vipuri, kurasa nne.

Kadi mbili

Sasa niingie sokoni, maana hapa ndipo suala lilipopata uzito.

Mwenye bajeti ndogo hanunui kompyuta mpya ya gemu. Njia inayojulikana ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, kisha kuiongezea kadi ya michoro. Tulipata Dell OptiPlex 9020, prosesa Core i5 ya kizazi cha nne, ramu gigabaiti 8, kwa kwacha 330,000. Zilikuwapo za kasha jembamba, nzuri kwa macho, lakini kasha lile halipokei kadi ya urefu wa kawaida; tukachukua yenye kasha kubwa.

Ukaja mtihani wa kadi. Ya kwanza ilikuwa NVIDIA GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4, kwacha 210,000. Ni kadi ya mwaka 2016, inatumia wati 75 tu, na inaupata umeme wake kwenye madabodi moja kwa moja. Ya pili ilikuwa AMD RX 580 yenye gigabaiti 8, kwacha 340,000. Kwa gemu, hii ya pili inaiacha ya kwanza mbali. Lakini inakula wati 185, na pawa saplai ya ile Dell ni ya wati 290 na haina waya wa kuilisha kadi kama hiyo. Ungehitajika kununua pawa saplai nyingine pamoja na waya wa kuunganishia, kwa sababu plagi ya Dell si ya kawaida. Hiyo ni kwacha 120,000 nyingine.

Mdogo wangu macho yalikuwa kwenye RX 580. Akafungua daftari, akanionyesha hesabu yake. Orodha kamili kwa kadi ndogo ilikuwa hivi: kompyuta 330,000, kadi 210,000, diski ya SSD 70,000, ramu ya kuongezea 40,000, skrini iliyotumika 90,000, UPS iliyotumika 60,000 na ujira wa fundi 20,000. Jumla 820,000. Kwa kadi kubwa jumla ilipanda hadi 1,070,000, naye akaona njia: aache SSD, aache ramu, aache UPS, na hesabu inarudi 900,000 kamili, hakibaki hata kwacha moja.

Nikamuuliza kwanza kuhusu umeme, kwa sababu Malawi umeme hukatika. Mwaka 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira chenye uwezo wa karibu megawati 130, na nchi ikaishi na pengo hilo kwa muda mrefu. Kompyuta isiyo na UPS kambini ni sawa na kuku asiye na banda. Akasema atavumilia.

Kisha nikamuuliza kazi. Alikuwa ameniambia, na amemwambia kaka yetu, kwamba kompyuta hii ni ya kujifunza kutengeneza katuni kwa programu ya Blender, ambayo ni ya bure. Si ndoto ya mchana: filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender hiyohiyo, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ukweli ambao alikuwa anaujua siku zote. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, sehemu ya Blender inayokamilisha picha haiitumii tena RX 580. Kadi ile haimo katika orodha yake. Ile GTX 1050 Ti, pamoja na udogo wake, imo.

Yaani kadi kubwa ilikuwa bora kwa mchezo na haisaidii katika sehemu ile ya kazi. Kadi ndogo ilifaa kwa kazi na ilitosha kwa mchezo. Nia, ambayo vitabu vinasema mahali pake ni moyoni, siku ile ilikuwa imelazwa juu ya meza ya duka, ina bei na ina idadi ya wati.

Nikakumbuka kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa (R.A.) kilichopokewa na Bukhari. Abu Dardaa alikuwa amezama katika ibada, mchana funga na usiku kisimamo, mpaka mkewe akaachwa bila kujaliwa. Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akasema Salman kasema kweli. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba kilichopindukia kilikuwa ibada. Kama ibada inaweza kula haki ya mwingine, kitu gani hakiwezi?

Nikamwambia mdogo wangu: tazama orodha yako kwa jicho hilo. RX 580 imekula haki ya diski, ikala haki ya ramu, ikala haki ya UPS, na mwisho itazuiliwa na prosesa ya zamani isiyoweza kuilisha ipasavyo. Hata mafundi wasiojua lolote kuhusu fiqhi wanalijua hili. Wanasema kompyuta nzuri ni ile ambayo hakuna kipuri kinachomsubiri mwenzake. Israfu haiko katika neno "gemu". Israfu ni kukipa kimoja haki ya kingine.

Aliicheka hoja yangu. Akasema, "Kaka, umefanya kompyuta iwe na mke na watoto." Lakini hakuamua.

Muuzaji, fundi na mkataba

Kilichomsogeza mbele kilikuwa kitu kingine. Muuzaji wa RX 580 alisema kadi haijawahi kutumika. Fundi wa Biwi tuliyeongozana naye, mtu mzima ambaye kila mteja humwita achimwene, yaani kaka yangu, akaigeuza. Skurubu zilikuwa na mikwaruzo ya bisibisi na vumbi lilikuwa limegandia kwenye mapezi ya kupozea. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulipobadili mfumo wake, kadi nyingi za aina hii zilizokuwa zikichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana zilimwagwa kwenye soko la mitumba duniani. Sisemi ile ilikuwa mojawapo, maana sina ushahidi. Nasema haikuwa mpya, na aliyeiuza alijua kwamba si mpya.

Tunaijua hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akatangaza kwamba anayeghushi si katika wafuasi wake. Kitu kilichotumika kinauzwa kihalali. Kinachoharibu ni kimya cha muuzaji. Mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana hiari ya kurudisha, na hiari hiyo haifutwi na karatasi iliyobandikwa ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kuhusu fundi pia tulikuwa na jambo la kutazama, na nalitaja kwa sababu wengi wenu mnaagiza vitu vya kutengenezewa, iwe kompyuta, kanzu au kabati. Kwanza yule fundi alipendekeza tumpe pesa zote, atafute vipuri mwenyewe, atuletee kompyuta iliyokamilika baada ya wiki. Wahanafi wanao mkataba wa aina hiyo, istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, na katika hoja zao wanataja kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza kutengenezewa pete na mimbari. Sisi Waafrika Mashariki wengi ni Washafii, na kwetu mkataba huo haukubaliki kwa sura yake. Unakubalika ukifuata masharti ya salam. Na salam, kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) kuhusu watu wa Madina waliokuwa wakilipia tende kabla ya mavuno, inataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane, na malipo yatolewe palepale. Haitoshi kusema "nitafutie kadi nzuri." Utaje ipi, ya gigabaiti ngapi, lini.

Tukachagua njia nyepesi: kila kipuri tukinunue wenyewe kwa kukiona kwa macho, kisha fundi tumkodi kwa ujira wa kuviunga. Mauzo yakawa mauzo, ujira ukawa ujira, na hakuna aliyebaki akikisia. Wanaodhani fiqhi ya muamala ni habari za ngamia na ngano waende sokoni na elfu ishirini mkononi.

Laki tatu za kaka

Sasa nifike mahali pagumu. Jioni tulirudi kwa mama mkubwa tukiwa na kompyuta na bila kadi. Mdogo wangu akasema duka jingine mjini lina RX 580 ambayo mwenyewe anakiri imetumika, na bei ni ileile. Aibu imetajwa, mkataba ni safi, basi kuna tatizo gani? Nikamwambia, kaka alituma laki tatu kwa ajili ya kompyuta ya kazi. Akanijibu bila kunitazama: "Kaka yuko Marekani. Hawezi kujua kadi ipi ni ipi."

Wanazuoni wa Kishafii wana mas'ala yanayofanana sana na haya. Mtu akimpa mwenzake dirhamu akamwambia, nunua kilemba, hutazamwa alikusudia nini. Ikiwa alimwona kichwa wazi akataka akisitiri, basi pesa zile ni za kilemba na hazifai kuelekezwa kwingine. Ikiwa ni maneno ya ukarimu tu, kama sisi tunavyosema "kanunue soda," basi ni zake afanye apendavyo. Nilimweleza hivyo, nikamwambia kwamba mimi sijui kaka alikusudia ipi kati ya hizo mbili, wala yeye hajui. Anayejua yuko hai, na ana simu.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akapiga. Akasema yote: kwamba kompyuta ni ya kazi na pia ni ya gemu, kwamba alipomwomba alitaja kazi peke yake kwa sababu aliona haya, kwamba kuna kadi mbili na tofauti yake ni hii na hii. Nilikuwa namsikiliza nikaona mkono wake unatetemeka. Ingekuwa rahisi kwake zaidi kuomba pesa nyingine kuliko kusema hayo.

Kaka yetu alicheka. Akasema, "Mimi mwenyewe nina PlayStation hapa, nikitoka zamu ya usiku nacheza nusu saa ndipo napata usingizi. Ulidhani wewe si mtu?" Halafu akaongeza, na sauti ilikuwa imebadilika: "Lakini zile laki tatu nilizikopa. Nilitaka zikuzalie kazi."

Mdogo wangu akashusha simu. Akaniambia, "Tutachukua ndogo."

Sikumlazimisha mimi, wala fatwa haikumlazimisha. Alipewa ukweli wa mwenzake baada ya yeye kutoa wake. Kabla ya simu ile tulikuwa tunabishana kuhusu halali na haramu ya gemu, na ubishi ule ulikuwa umeficha suala lenyewe: kwamba katika pesa zile mlikuwa na haki ya mtu aliyezikopa ugenini, na haki ya mama aliyelala chini ya bati linalovuja.

Siku ya pili tulinunua 1050 Ti. Kwa kuwa prosesa ya kizazi cha nne haikubaliki rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa huduma Oktoba 2025, fundi aliweka Linux, ambayo ni ya bure na Blender inafanya kazi humo vizuri. Zilibaki 80,000. Mdogo wangu alinunua mabati mawili na misumari, akayafunga juu ya minibasi pamoja na kasha la kompyuta. Utingo aliuliza kipi kishushwe kwanza Dzaleka. Akasema bati.

Na gemu je?

Najua yupo atakayesema nimelikwepa suala la mchezo. Silikwepi. Mchezo wenye kamari, uchi, au unaomtoa mtu katika swala, hukumu yake inajulikana. Na kamari siku hizi haitangazi jina lake: mwaka 2018 mamlaka ya Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu, mtu akilipa bila kujua atapata nini, yanavunja sheria ya kamari ya nchi ile. Sisi tuliokatazwa maysir na gharar tulipaswa kuwa wa kwanza kuliona.

Lakini mchezo uliosalimika na hayo ni mubaha, na mubaha ni rehema. Mtume (S.A.W.) alimwachia Aisha (R.A.) awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini mpaka atosheke mwenyewe. Na Handhala (R.A.) alipojiona mnafiki kwa sababu akiwa nyumbani hali ya moyo wake hubadilika, Mtume alimfariji kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Saa ya lile haikuwekwa kwa ajili ya wenye pasipoti peke yao. Kijana aliyefungiwa ndani ya eneo moja miaka nenda rudi, ambaye kwenda Lilongwe kunamtaka ruhusa, pengine anaihitaji kuliko mimi ninayetembea nitakako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiulizwa kama kompyuta ya gemu ni israfu, usijibu haraka kama nilivyojibu mimi. Uliza pesa ni za nani, na mwenyewe ameambiwa nini. Uliza nani anadai haki yake kabla ya kipuri hiki. Uliza kipuri hiki kinakula haki ya kipi. Uliza saa zitakazotumika zitatoka wapi. Na kabla ya kumuuliza mwenzako maswali hayo manne, yaulize juu ya simu iliyo mkononi mwako. Mimi yangu nimeishaiuliza. Ile gemu ya mpira bado imo, lakini baada ya saa nne za usiku simu hulala mezani kwa mwenzangu wa chumba, nami Alfajiri huamka kwa adhana.

Mdogo wangu amenitumia katuni yake ya kwanza. Ina sekunde kumi na moja. Mvua inanyesha juu ya bati, na chini ya bati mama anachambua mchele bila kuinua kichwa. Nilipomuuliza ilimchukua muda gani kuikamilisha, alisema usiku mzima, umeme ukakatika mara mbili, UPS ikashika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaompa kila mwenye haki haki yake, na atusamehe kwa tuliyoyahukumu bila ya elimu. Nilichopatia ni kwa tawfiki yake, na nilichokosea ni kwangu mimi. Wallahu a'lam.